Kuhamisha tiketi za hitilafu kutoka GitHub kwenda Codeberg bila kuvuruga namba

Mradi wangu ni mdogo: orodha ya maneno ya Kiswahili na programu ya kukagua tahajia, tiketi mia tatu na ushee. Nilipoamua kuutoa GitHub na kuuhamishia Codeberg, yote mawili majukwaa ya kuweka msimbo mtandaoni, msimbo ulihama kwa dakika chache, maana Git, programu inayotunza mabadiliko ya msimbo, hubeba historia yake yote mgongoni. Tiketi ndizo zilizonikalisha wikendi nzima. Hizo hazimo ndani ya Git. Zimo kwenye hifadhidata ya jukwaa, na kinachozifunga na msimbo ni namba tu. Kwenye historia yangu kuna ujumbe usemao "Rekebisha ng'ombe, #37". Ujumbe huo umeshaandikwa, haubadiliki. Kama kule ugenini #37 ni habari nyingine, historia inaanza kusema uongo.

Hata wakubwa limewakuta. Watengenezaji wa lugha ya Python walipohamisha tiketi kutoka mfumo wao wa Roundup kwenda GitHub mwaka 2022, hawakuweza kubaki na namba za zamani. GitHub huhesabu tiketi na maombi ya kuunganisha msimbo (pull request) kwa mfululizo mmoja, na maombi yalikuwa yakizila namba hizo tangu msimbo wao ulipohamia huko 2017. Ndiyo maana mpaka leo unaona "bpo-" (kifupi cha bugs.python.org, tovuti yao ya zamani) kwa namba za kale na "gh-" kwa mpya, na tovuti ya zamani imeachwa ya kusomwa tu.

Codeberg huendeshwa na chama kisicho cha faida cha Ujerumani, kwa programu iitwayo Forgejo, na hupokea miradi huria tu. Hakikisha faili la leseni lipo. Uzuri wa Forgejo kwetu ni kwamba nayo huhesabu tiketi na maombi pamoja, kwa hiyo namba zinaweza kukaa vilevile.

1. Hesabu kabla ya kugusa kitu

Kwa `gh`, zana ya GitHub ya kuandikia amri, vuta tiketi zote uziweke kwenye diski yako:

`gh api --paginate 'repos/JINA/MRADI/issues?state=all&per_page=100' > tiketi.json`

`gh api --paginate 'repos/JINA/MRADI/issues/comments?per_page=100' > maoni.json`

Usisahau `state=all`. Usipoiweka utapewa tiketi zilizo wazi peke yake, na hakuna onyo lolote litakalokuja, utadhani umemaliza. Halafu orodha hiyo huchanganya tiketi na maombi ya kuunganisha. Zichambue kwa `jq`, zana ya kusoma faili za JSON:

`jq -c '.[] | select(.pull_request == null) | .number' tiketi.json | wc -l`

Iandike namba unayopata. Ukiona mapengo kwenye mfululizo usishtuke: tiketi zilizofutwa huacha nafasi, na mijadala ya GitHub nayo hula namba zilezile.

2. Tokeni

Tengeneza tokeni ya GitHub, yaani ufunguo wa siri ambao Codeberg itautumia kuingia kule, yenye ruhusa ya kusoma tu. Bila tokeni programu inaruhusiwa kuuliza mara 60 tu kwa saa kupitia API, mlango wa GitHub wa programu. Ukiwa nayo, 5,000. Kwa tiketi mia tatu na maoni yake, 60 hazikufikishi popote.

3. Jaribio

Codeberg, bofya alama ya kujumlisha juu kulia, chagua kuhamisha repo (hazina ya mradi), kisha GitHub. Bandika anwani na tokeni, halafu weka tiki kwenye tiketi, maombi ya kuunganisha, lebo, malengo na matoleo. Maombi usiyaruke hata kama yote yalishafungwa, kwa sababu tiketi huyataja kwa namba. Ukiona nafasi ya kioo (mirror), usiiwekee tiki: repo ya kioo hufuata msimbo tu, tiketi haziji.

Jambo moja linawapata wengi: kihamishi hiki huunda repo mpya. Hakiwezi kumimina tiketi kwenye repo uliyokwisha kuifungua. Kama ulitangulia kusukuma msimbo kule, itabidi uifute au uipe jina jingine. Kwa jaribio hili tumia jina lolote, utalifuta.

4. Kagua kwa macho

Idadi kulingana haitoshi. Chagua tiketi kumi zenye vituko: yenye picha, yenye kipande cha msimbo, yenye maoni mengi, iliyofunguliwa tena. Yangu ya kwanza ilikuwa #37. Inaeleza kwamba programu inaikata "ng'ombe" kwenye ritifaa na kupigia mstari mwekundu "ng" na "ombe". Mara ya kwanza kabisa, kabla sijakijua kihamishi, nilijaribu kwa skripti yangu iliyopitisha kila kitu kwenye faili la CSV, na mnyama akafika akiwa "ngâ€™ombe". Ritifaa yake ilikuwa ile ya kupinda (’), na faili la UTF-8 lilikuwa limesomwa kama Windows-1252, mfumo mwingine wa kusimba herufi. Katika mradi wa tahajia! Nilifuta yote nikaanza upya.

Tazama pia picha. Zilizobandikwa ndani ya maoni hubaki ni viungo vya seva ya zamani. Chache? Zipakue uzipandishe kwa mkono. Na majina yenye @: "@juma" wa kule si lazima awe Juma wa huku. Ukitumia skripti kuandika tiketi kupitia API, ziondoe alama za @ kwanza. Mimi sikuziondoa, na watu waliokwisha kuusahau mradi wakaamka na arifa za mwaka juzi. Nilijibu barua pepe za lawama siku mbili.

5. Siku yenyewe

Futa jaribio. Repo ya GitHub itie kwenye hifadhi (archive) kwa muda, kitufe kiko chini kabisa ya mipangilio. Hapo inasomeka lakini hakuna awezaye kuandika, hivyo hakuna tiketi itakayozaliwa wakati unahama. Hamisha, linganisha idadi na ile uliyoiandika, kisha iondoe kwenye hifadhi.

6. Waelekeze watu

Andika anwani mpya juu kabisa ya README ya zamani, faili la utambulisho wa mradi, na kwenye maelezo mafupi ya repo. Badilisha kiungo cha hitilafu kwenye faili la maelezo ya programu, `package.json` au `pyproject.toml`, utoe toleo dogo, maana watumiaji wengi hufuata kiungo hicho. Kisha rudisha repo ya zamani kwenye hifadhi, moja kwa moja sasa. Usiifute: kuna viungo vyake kwenye majibu na makala usizozijua.

Na ile tokeni ibatilishe leo hii. Yangu niliikuta bado hai miezi minne baadaye.