Kabla hujaita Fuso yadini: kupanga njia za mzigo wa kiwandani Mtwara na Lindi

Anayedhani kufaulisha mzigo ni kuhamisha katoni tu kutoka gari kubwa kwenda gari dogo, aje Mtwara mwezi wa kwanza mvua ikiwa imekolea. Semi inatoka kiwandani Dar es Salaam na sabuni, mafuta ya kula, biskuti na magodoro. Ikifika yadini, Fuso na Kenta zinaisogelea kwa kinyumenyume, mzigo unavuka, na kabla jua halijazama kila gari limeshika njia yake: Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea. Hakuna kulaza mzigo ghalani. Pango hulipi, ila ukikosea mpango huna pa kuficha kosa.

Basi yazingatie haya kabla hata kiwanda hakijafunga turubai.

Mwambie mpakiaji wa kiwandani apange mzigo kwa wilaya. Ukimwachia apange anavyotaka, atapanga kwa bidhaa, sabuni zote mbele, mafuta yote nyuma, maana kwake ni rahisi. Kwako itakuwa ni gari nne kusubiri katoni moja iliyo mwisho kabisa.

Semi ikitoka Dar, usiite magari. Dereva atakupigia saa kumi na mbili jioni, "Bosi, ndiyo natoka Mbagala," nawe unapiga hesabu ya kilomita zisizofika 600 na kuwaambia wenye Fuso waje alfajiri. Kumbe semi imelala Kibiti na pancha, au iko kwenye foleni ya mizani. Fuso zinashinda zimeegeshwa, jioni wenye magari wanadai siku yao, na wana haki. Mimi siku hizi napiga simu semi ikishapita Nangurukuru, tena namwambia dereva anipe mtu wa hapo niongee naye, maana "nimeshapita" ya madereva naijua.

Amua pia unafaulishia wapi. Watu wameshazoea kwamba kila kitu lazima kifike Mtwara mjini. Kwa nini? Mzigo wa Masasi na Ruangwa unaachana na njia yetu pale Mnazi Mmoja ya Lindi, siyo ile ya Dar. Wa Masasi unanyoosha kupitia Mtama na Ndanda, wa Ruangwa unachepuka Nanganga. Kuuvuta hadi Mtwara kisha kuurudisha kulekule ni kuchoma dizeli. Wa Liwale ndio kabisa, uutoe Nangurukuru au uupitishe Nachingwea, kutegemea hali ya udongo wiki hiyo. Na usisahau Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Kilwa sehemu kadhaa. Njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka Iringa, Njombe, Songea na Tunduru, zaidi ya kilomita 1,500. Gari likija kwa huko linaingilia Masasi, Mtwara inakuwa mwisho wa safari. Kwa hiyo mwenye uwanja wa Masasi uwe umeshaongea naye na bei mnaijua, kabla ya siku utakayomhitaji.

Sasa hili lililonigharimu.

Kila mpakizi anajua kwamba mzigo wa mwisho kushushwa ndio wa kwanza kupakiwa. Nilikuwa na Fuso moja ya maduka sita, mawili Tandahimba, manne Newala. Njia ilikuwa ya kawaida: Mtwara, Mnivata, Tandahimba, ndipo Newala. Tukaweka mzigo wa Newala ndani kabisa, wa Tandahimba ukaja mlangoni. Kazi safi, nikaipiga na picha.

Hadi Mnivata, kilomita 50, ni lami. Mbele ya hapo, zile 160 za kwenda Masasi kupitia Newala, wakati ule ujenzi ulikuwa umeifanya barabara vipande vipande. Kipande hiki kizuri, kinachofuata mchepuko wa udongo mwekundu. Saa tano dereva akapiga.

"Bosi, hapa hapapitiki. Kuna lori limezama kwenye mchepuko, na nyuma yake magari yamepanga mstari."

"Geuza. Zunguka Mnazi Mmoja, nenda Masasi, upande Newala kwa nyuma."

Nilijibu papo hapo, na kusema kweli nilijiona mjanja. Nilichokuwa nakiona kichwani ni ramani. Mgongo wa gari sikuuwaza hata kidogo.

Kesho yake Fuso ikafika Newala. Newala sasa ndiyo kituo cha kwanza, na mzigo wake uko ndani kabisa, umekingwa na katoni za Tandahimba kutoka sakafuni hadi juu. Hakuna ujanja, lazima utoe za Tandahimba zote ndipo uzifikie za Newala. Baraza la duka la kwanza lilikuwa dogo. Vijana wakatandika turubai barabarani wakapanga katoni juu yake. Turubai lenyewe ndilo lile moja la gari. Mvua ikaja. Wakabaki na swali la kipuuzi: wavute turubai wafunike gari, au waliache chini ya mzigo?

Mzigo wa Tandahimba ulikuwa sabuni ya unga. Katoni iliyolowa kitako ukiitazama kwa juu ni nzima. Ukiinyanyua, kitako kinabaki chini na pakiti zinakumwagikia miguuni. Walipofika Tandahimba jioni, mama mwenye duka akaminya pakiti moja, akaminya ya pili, akamrudishia dereva. "Mwanangu, mimi nauza sabuni, siuzi uji."

Kiwanda kikasema mzigo ulitoka mzima, na ulitoka mzima kweli. Mwenye Fuso akasema alifuata njia niliyompa, na alifuata kweli. Hasara ikarudi kwangu.

Tangu hapo, gari lolote linalopanda uwanda wa Makonde kipindi cha mvua, na huku kwetu mvua zinaanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili, nalipakia kwa urefu. Tandahimba ubavu wa kushoto, Newala ubavu wa kulia, kuanzia kichwani hadi mlangoni. Bodi la Fuso linafunguka ubavuni, kwa hiyo gari liingie kwa upande wa Mtwara au wa Masasi, mzigo wa kila mji unafikika. Lazima upime uzito wa pande mbili, la sivyo gari litainama kwenye kona za kupanda Newala. Utapoteza nafasi ya katoni kadhaa, poteza tu. Kila mji na utepe wa rangi yake. Na turubai mbili, moja ya gari, moja ya chini. Magodoro hayakubali mpango huu, hayo yape gari lake.

Pia, ukibadilisha njia kwa simu, swali la kwanza kwa dereva liwe: "Mlangoni kuna mzigo wa nani?"

Mengine ni ya haraka. Msimu wa korosho, minada inapoanza Oktoba, Fuso zote zinakimbilia kubeba magunia kutoka vyama vya msingi vya ushirika kwenda maghala makubwa na bandarini. Huo huo ndio wakati wenye maduka wanataka mzigo mara mbili, kwa sababu wakulima wanaanza kulipwa. Funga makubaliano ya magari Septemba. Ukingoja Oktoba utapewa bei ya kukufukuza.

Uzito: ekseli moja yenye matairi manne mwisho tani 10. Mafuta ya kula yanafika huko kabla bodi halijajaa, usidanganywe na nafasi iliyobaki.

Karatasi: mzigo wa semi moja ukigawanywa gari nne, kila gari liwe na nakala ya risiti na orodha yake lenyewe. Kumwambia askari "risiti iko kwa mwenzangu" hakujawahi kumsaidia mtu.

Ijumaa usipange kushusha adhuhuri, maduka mengi yanafungwa kwa swala. Ramadhani pakia alfajiri, saa nane mchana usimdai mpakizi mbio. Bei ya wapakizi mkubaliane semi ikiwa bado imefungwa, maana ikishafunguliwa wao ndio wenye bei.

Mpigie mwenye duka jana yake, umuulize kama atakuwepo na kama ana pa kuweka. Dereva awe na laini za mitandao miwili, simu ina chaji, na fedha ya pancha mkononi, isiwe ya kuahidiwa. Jeki. Kamba ya kuvutia. Koleo, hata kama anga ni jeupe.