Posa ya kijana wa Ayalandi ikija Tukuyu, wazee uwaandae hivi
Anza na mshenga jamani, hapo wazee wataelewa fasta maana vijijini Ayalandi nako zamani alikuwepo mtu wa kuunganisha familia mbili. Ila mahari waambie mapema kabisa! Kule ilitoka kwa baba wa binti kwenda upande wa kiume, na baada ya njaa kuu ya 1845 mpaka 1852 shamba kwa kawaida likawa linaachiwa mtoto mmoja tu kwa hiyo vikao vilikuwa vya ardhi na mifugo kwelikweli. Siku hizi vijana wa kule wanachaguana wenyewe, basi bwana harusi akae na mjomba afundishwe taratibu habari ya ng'ombe wetu wa mahari. Tarehe msiweke Kwaresma, wao zamani walikimbilia kuoa kabla haijaanza.