Taa ya Kuchaji kwa Kambi za Kilimanjaro
Unaponunua taa ya kuchaji ya bei nafuu kwa ajili ya kambi za Kilimanjaro, usivutiwe na idadi kubwa ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) iliyoandikwa kwenye boksi, kwani ndani ya hema lumeni 100 zinatosha kabisa. Tazama kwanza ukubwa wa betri, kisha uhakikishe kuwa inachajiwa kwa waya uleule wa simu yako. Ukiwa bado dukani, bonyeza kile kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia: kikilegea, mvua ya msituni itapenya. Katika kambi ya Kibo, takriban mita 4,700 juu ya usawa wa bahari, baridi hudhoofisha betri ya lithiamu upesi, kwa hiyo lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, wala usiichaji kabla haijapata joto.