Chora mzunguko wa damu bila kukariri

Nikisahihisha mitihani ya baiolojia, swali la mzunguko wa damu hunionyesha upesi nani kaelewa na nani kakariri. Aliyekariri huyataja majina yote kwa mpangilio, lakini ukimgeuzia swali kidogo tu, kapotea. Ndiyo maana wanafunzi wangu siwapi orodha. Nawaambia walete karatasi, penseli, kalamu ya buluu na nyekundu.

Kwa penseli, chora mraba katikati ya karatasi, uugawe vyumba vinne: auriko mbili juu, ventriko mbili chini. Sasa andika "kulia" upande wa kushoto wa karatasi. Naam, kushoto, kwa sababu moyo unaouchora ni wa mtu aliyekuelekea. Ukuta wa katikati ukoleze vizuri, usiache hata upenyo. Katika moyo usio na kasoro, damu ya kulia haiwezi kwenda kushoto mpaka ipitie mapafuni. Galen, daktari Mgiriki wa kale, alifundisha kwamba ukuta huo una vitundu visivyoonekana, na madaktari wakamfuata kwa karne nyingi. Tabibu Mwarabu Ibn al-Nafis alimpinga kwa maandishi katika karne ya 13.

Juu ya moyo chora mapafu, chini yake mwili. Shika kalamu ya buluu, anzia kwenye kidole gumba cha mguu, na usiinyanyue: panda kwa vena kava (mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni), ingia auriko ya kulia, shuka ventriko ya kulia, toka kwa ateri ya mapafu hadi mapafuni. Hapo damu huchukua oksijeni, basi badilisha kalamu. Kwa nyekundu, rudi kwa vena za mapafu (ni nne), auriko ya kushoto, ventriko ya kushoto, aota (ateri kuu ya mwili), hadi kidoleni ulikoanzia.

Kalamu hubadilishwa kwenye kapilari tu, yaani mishipa midogo kabisa. Kuta zake ni nyembamba mno, na humo ndimo gesi zinamopita. Ukibadilisha rangi ndani ya moyo, umekosea. Hapa ndipo huwa wananibishia: "Mwalimu, ateri ya buluu?" Ndiyo. Ateri ni mshipa unaotoka moyoni, vena ni unaorudi, rangi haihusiki. Na buluu yenyewe ni ya karatasini tu, kwani damu ya vena ni nyekundu iliyokolea. Hata oksijeni haijaisha: mtu akiwa ametulia, himoglobini (kibebaji cha oksijeni katika damu) inayorudi moyoni bado imebeba takribani robo tatu ya mzigo wake.

Rudi kwa penseli, unenepeshe ukuta wa ventriko ya kushoto, mara tatu hivi ya ule wa kulia. Kushoto husukuma kwa shinikizo la karibu milimita 120 za zebaki, hadi utosini na nyayoni. Kulia ni karibu 25 tu, maana mapafu yako jirani. Lakini kiasi cha damu ni kilekile pande zote: kwa mtu mzima aliyetulia, mililita 70 hivi kwa pigo, lita 5 hivi kwa dakika. Lazima zilingane. Ventriko ya kushoto ikichoka na ya kulia ikaendelea na kasi yake, damu hurundikana mapafuni, na mgonjwa wa moyo anaanza kuhema akilala chali.

Vali nne za moyo, yaani milango inayozuia damu kurudi nyuma, ziwekee mishale ya njia moja. Kwa hizo sina mengi. Za kwenye vena unaweza kuzijaribu mwenyewe, kama daktari Mwingereza William Harvey alivyoonyesha mwaka 1628. Ning'iniza mkono mpaka mishipa itune. Bana mmoja kwa kidole, kisha kwa kidole kingine ikamue damu kuelekea kwenye kiwiko hadi upite vali, uachie kidole cha pili. Kipande hicho kitabaki kitupu mpaka uachie cha kwanza.

Sasa ficha mchoro, ujibu: damu ikiganda kwenye vena ya mguu na bonge likang'oka, litakwama wapi? Anayejibu "kwenye ubongo" arudie kalamu ya buluu. Kutoka mguuni mishipa inazidi kupanuka hadi moyoni, na moyo wenyewe unalipitisha. Njia inaanza kuwa nyembamba kwenye matawi ya ateri ya mapafu, na hapo ndipo linapoziba.