Jibu ping kwa mkono wako: kuendesha tun7 kwa mistari michache ya Python

Nimefunga VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti) kwenye ofisi nyingi kuliko ninavyokumbuka, na kwa miaka kadhaa tun0, kiolesura cha mtandao kinachoundwa na programu, nilikuwa naiona tu kwenye orodha ya `ip addr` kama mgeni asiyejitambulisha. Nilichojua ni kwamba ikiwepo mambo yanakwenda, isipokuwepo simu yangu inaanza kuita. Siku nilipoamua kuitengeneza mwenyewe, nimekaa sebuleni Morogoro na laptop yangu kuukuu yenye Debian, ndipo nikaelewa kuwa kumbe ni faili tu.

Kadi ya kawaida ya mtandao ikipewa paketi (kifurushi cha data) na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inaisukuma kwenye waya au hewani. Kiolesura cha TUN hakina waya. Paketi inayotumwa kwake inatokea upande wa pili kwenye programu ya kawaida iliyofungua `/dev/net/tun`, nayo inaisoma kama inavyosoma faili lolote. Programu hiyo ikiandika baiti humo, kerneli inazipokea kana kwamba zimeingia kutoka nje. VPN nyingi zimekaa hapo hapo. Leo lakini hatufungi VPN. Tunaandika programu inayojibu ping (ujumbe mfupi wa kupima kama kompyuta inafikika) kwa niaba ya kompyuta ambayo haipo duniani.

Angalia kwanza kwa `ip route` kama mtandao wa 10.99.0.0/24 hautumiki kwako. Ikiwa unatumika, chagua mwingine. Kisha:

```
sudo ip tuntap add dev tun7 mode tun user $USER
sudo ip addr add 10.99.0.1/24 dev tun7
sudo ip link set tun7 up
```

Nimeiita tun7 kwa sababu tun0 kwangu ni ya kazini na sitaki kuichokoza. Hiyo `user $USER` usiiruke: kuunda kiolesura kunahitaji mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, ila ukishakiandikisha kwa jina lako, programu yako itakishika bila sudo. Sipendi kuendesha programu ya majaribio kama root, hasa niliyoiandika mwenyewe usiku.

Ukipiga `ip link show tun7` utakuta NO-CARRIER. Usihangaike, ni kwamba hakuna programu iliyoshika upande wa pili.

Hapa ndipo nilipojidanganya. Nilipiga `ping 10.99.0.1`, majibu yakamiminika, nikamwita mke wangu aje aone. Wakati huo sikuwa nimeandika hata mstari mmoja wa Python! Anwani ile ni ya laptop yenyewe, kwa hiyo kerneli inajijibu kupitia lo, kiolesura cha kompyuta kujisemesha yenyewe, na tun7 haiguswi kabisa. Ya kupimia ni 10.99.0.2.

Sasa programu yenyewe. Ihifadhi kama `jibu.py`:

```
import fcntl, os, struct

f = os.open("/dev/net/tun", os.O_RDWR)
fcntl.ioctl(f, 0x400454ca,
            struct.pack("16sH22x", b"tun7", 0x0001 | 0x1000))

while True:
    p = bytearray(os.read(f, 2048))
    print(len(p), p[:4].hex())
    if p[0] != 0x45 or p[9] != 1 or p[20] != 8:
        continue
    p[12:16], p[16:20] = p[16:20], p[12:16]
    p[20] = 0
    c = (p[22] << 8 | p[23]) + 0x0800
    c = (c & 0xffff) + (c >> 16)
    p[22], p[23] = c >> 8, c & 255
    os.write(f, p)
```

Iendeshe kwa `python3 jibu.py`, fungua terminali nyingine, piga `ping -c 3 10.99.0.2`. Majibu matatu yatarudi. Kwenye terminali ya kwanza utaona `84 45000054`. Isome taratibu: 4 ni IPv4, 5 ni kichwa cha maneno matano ya baiti nne nne, yaani baiti 20, na 0054 ni 84 kwa hesabu ya kumi. Baiti 20 za IP, 8 za ICMP (itifaki inayotumiwa na ping), 56 za mzigo wa ping. Mara ya kwanza kuiona ile 84 imeandikwa mara mbili, moja na Python na moja na paketi yenyewe, nilicheka peke yangu.

Huenda kabla hujapiga ping yoyote ukaona mistari ya baiti 48 inayoanza na 6. Hiyo ni IPv6: kerneli imeona kiolesura kimeamka, inauliza kama kuna ruta hapo. Tunaipuuza.

Ile `0x400454ca` ni amri ya TUNSETIFF, ya kuiambia kerneli tunataka kiolesura kipi, kwenye Linux ya x86 na ARM. Kwenye MIPS ni `0x800454ca`, kwa hiyo ukihamia kwenye ruta ndogo ya zamani kumbuka hilo. `0x0001` inaomba TUN. `0x1000` inaiambia kerneli isitangulize baiti nne za maelezo mbele ya kila paketi. Hiyo ndiyo iliyonilia jioni nzima: niliisahau, kila paketi ikaanza na `00000800` badala ya 45, na programu yangu ikawa inazitupa zote kimya kimya bila kosa lolote kwenye skrini. Ndiyo maana ule mstari wa `print` nimeuacha.

Kubadilishana anwani ya mtumaji na ya mpokeaji hakuharibu hesabu ya kuhakiki ya kichwa cha IP, maana ni jumla, na jumla haijali nani katangulia. Ya ICMP ndiyo inayoharibika, kwa sababu aina imetoka 8, ambayo ni swali, ikawa 0, ambayo ni jibu. Jumla imepungua 0x0800, basi tunaiongezea hesabu ya kuhakiki kiasi hicho hicho. Ondoa mistari hiyo mitatu ya `c` ujaribu: ping itasema imepoteza asilimia 100, huku `sudo tcpdump -vni tun7` ikikuonyesha majibu yanarudi, yamepigwa muhuri wa makosa.

Jaribu pia 10.99.0.77. Inajibu. Programu haiulizi anwani ya nani, kwa hiyo una mtaa mzima wa kompyuta 253 zisizokuwepo.

Kila `os.read` inaleta paketi moja kamili, lakini bafa ikiwa ndogo kuliko paketi, kilichobaki kinapotea, hakikusubiri. Na ukitaka TAP badala ya TUN, weka `mode tap` na `0x0002`: utapokea fremu za Ethernet zenye kichwa cha baiti 14, na cha kwanza kukufikia ukipiga ping kitakuwa ARP (swali la nani ana anwani hii), si ICMP. Mashine pepe za QEMU zinaitaka hiyo. Kwa kazi nyingine mimi nabaki na TUN.

Kutoka hapa hadi VPN ni kubadili `os.write` iwe kutuma paketi kwa UDP, itifaki nyepesi ya kusafirisha data, kwenda sava, na programu ya sava ifanye kinyume. Usimbaji, yaani kuficha data isisomeke njiani, usiuandike mwenyewe. Vichwa vya IPv4 na UDP vinakula baiti 28, na usimbaji unakula zake, hivyo shusha MTU, ukubwa wa juu wa paketi. WireGuard, mojawapo ya VPN, kwa kawaida inaweka 1420. Kisha ukielekeza ruti kuu tun7, paketi za UDP za programu yako nazo zitaingia tun7, zisomwe, zifungwe tena, ziingie tena, mpaka feni ya laptop ianze kulia. Sava ipewe kwanza ruti yake kupitia ruta halisi:

```
sudo ip route add 203.0.113.5 via 192.168.1.1
```

Weka anwani zako hapo. Ukimaliza kucheza, `sudo ip tuntap del dev tun7 mode tun`.