Jinsi ya Kutumia Hataza Zilizokwisha Muda za Seli za Sola za Utando Mwembamba

Hataza ni mapatano: mvumbuzi hufichua uvumbuzi wake kwa maandishi, naye hupewa haki ya kuuhodhi kwa muda maalumu, ambao katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku maombi yalipowasilishwa. Muda ukiisha, maelezo yale huwa mali ya kila mtu. Kwa seli za sola za utando mwembamba, yaani zile zinazotengenezwa kwa tabaka jembamba sana la kizalisha umeme lililopakwa juu ya kioo au kitu kingine, sehemu kubwa ya misingi iliwekwa kati ya miaka ya 1970 na 1990, na kwa hiyo iko huru. Mfano ni hataza ya Marekani namba 4,064,521, aliyopewa David Carlson wa maabara ya kampuni ya RCA mwaka 1977 kwa seli ya silikoni amofasi, yaani silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele.

Anza utafutaji katika Espacenet, Patentscope au Google Patents, hifadhidata za hataza za mtandaoni ambazo zote hazina malipo. Tafuta kwa msimbo wa uainishaji, yaani alama ambayo ofisi za hataza huipa kila hataza kulingana na mada yake, kuliko kwa maneno, maana kile ambacho mwandishi mmoja hukiita utando, mwingine hukiita tabaka. Y02E 10/541 hukusanya seli za shaba, indiamu na seleniamu, 10/543 zile za jamii ya kadimiamu teluraidi, na 10/548 zile za silikoni amofasi.

Kabla ya kufurahia ulichokipata, hakikisha kwamba hataza imekwisha kweli. Maombi yaliyowasilishwa Marekani kabla ya tarehe 8 Juni 1995 hupimwa kwa miaka 17 tangu hataza ilipotolewa au 20 tangu maombi yalipowasilishwa, na muda ulio mrefu zaidi ndio unaohesabiwa. Hataza iliyokufa mapema kwa sababu ada haikulipwa inaweza, kwa masharti fulani, kufufuliwa na mwenyewe, hivyo iliyokufa hivi karibuni itazamwe kwa tahadhari. Tena hataza huwa na nguvu ndani ya nchi iliyoitoa tu. Kagua hali yake, pamoja na ndugu zake wa familia moja ya hataza (hataza za uvumbuzi uleule zilizoombwa katika nchi nyingine), katika kila nchi utakakotengeneza, kuingiza au kuuza bidhaa.

Sasa isome, na hapa ndipo wengi hukosea. Madai yaliyo mwishoni yanaonyesha tu mipaka ya kile kilichokatazwa, nayo huandikwa kwa upana wa makusudi; joto linaweza kutajwa kuwa kati ya nyuzi 300 na 600 kwa sababu wakili hakutaka mshindani apate upenyo. Thamani za kufanyia kazi zimo katika mifano iliyo ndani ya maelezo, ambamo mvumbuzi anasimulia alichokifanya kwa mikono yake: alitumia kioo gani, alitangulia kuvukiza metali ipi, alipasha moto kwa dakika ngapi. Katika kadimiamu teluraidi, kwa mfano, utafute kwa makini utibabu wa kloridi ya kadimiamu, ambao kwa kawaida hufanyika kwenye joto la karibu nyuzi 400 za Selsiasi, maana seli isiyopitia hatua hiyo hutoa umeme hafifu. Mimi huanza na mfano wa kwanza bila kubadilisha chochote, hata pale ninapoamini kwamba ninajua njia bora.

Kisha fuata hataza za baadaye zilizoitaja ile uliyoichagua. Mchakato wa zamani uko huru, lakini ukiuongezea mguso wa nyuma (tabaka la nyuma ya seli linalopitisha umeme kwenda nje) ulioboreshwa na mtu mwingine miaka 8 iliyopita, unaweza kuwa umeingia katika haki ambayo ingali hai. Andika kila hatua ya mchakato wako pamoja na namba ya hataza iliyokwisha inayoieleza, kisha mpelekee wakili wa hataza jedwali hilo kabla ya kuuza.

Usitegemee hataza ikufundishe usalama. Saileni, gesi ya kutengenezea silikoni amofasi, huwaka yenyewe ikigusa hewa, hidrojeni selenaidi, gesi ya kuingizia seleniamu, ni sumu kali, na kadimiamu hudhuru figo na mapafu; asiye na maabara yenye mfumo wa kunyonya hewa, vitambuzi vya gesi na njia halali ya kutupa taka asiiguse hata mojawapo.