Kuuandaa Utumbo Kabla ya Msimu wa Mafua ya Mzio: Mwongozo kwa Wakazi wa Tanga

Kila mwaka, masika yanapoelekea ukingoni na kuta za nyumba za Ngamiani na Chumbageni zimeshalowa unyevu, kliniki ninayofanyia kazi hupokea watu wenye malalamiko yale yale: chafya mfululizo alfajiri, pua inayochuruzika, macho yanayowasha na kifua kinachobana usiku. Wengi wao, nikiwauliza kwa utulivu, hutaja na tumbo pia, ama linajaa gesi, ama choo ni kigumu, ama wanaharisha kwa vipindi. Mimi ni afisa lishe, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu mzima mwenye mafua ya mzio ambaye angependa kuutunza utumbo wake ili msimu ujao umkute na nafuu. Anza wiki 8 hadi 12 kabla ya msimu unaokusumbua, kwa sababu kinga ya mwili haibadiliki kwa bakuli moja la mtindi.

Uhusiano wa pua na utumbo ni huu. Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapokiona kitu kisicho na madhara, kama chavua ya nyasi au kinyesi cha utitiri wa vumbi (wadudu wadogo mno wanaoishi kwenye vumbi na magodoro), kuwa ni adui. Mwili hutengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo hujishikiza kwenye seli za masti zilizomo puani, machoni na katika njia ya hewa. Kitu kile kikirudi, seli hizo humwaga histamini, na histamini ndiyo iletayo chafya, muwasho na kamasi. Utumbo unaingia hapa kwa kuwa sehemu kubwa ya seli za kinga inakaa katika kuta zake, jirani kabisa na bakteria wa utumbo mpana. Bakteria hao wakipata nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya, huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, ikiwemo butireti. Mwaka 2013 watafiti walionesha kwa panya kwamba asidi hizo huongeza seli T za udhibiti, yaani zile zinazoituliza kinga isipapatike ovyo, na mwaka 2014 watafiti nchini Uswisi wakaonesha kwamba panya waliolishwa nyuzinyuzi nyingi walipata uvimbe mdogo zaidi wa mzio mapafuni. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba, na matokeo ya vidonge vya probiotiki, yaani vyenye bakteria hai, yamekuwa yakipishana. Ndiyo maana mimi sipendekezi vidonge hivyo, ambavyo ni ghali, bali nashughulika na sahani.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni mzio kweli

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa ya lazima kuliko zote. Hapa kwetu kuna mambo matatu yanayofanana sana na mzio.

La kwanza ni minyoo. Mabuu ya mchango, ile minyoo mirefu ya duara, hupita mapafuni kabla ya kushuka utumboni, na katika safari hiyo huleta kikohozi na kifua kinachopiga miluzi kama cha mwenye pumu. Pima choo, na ikionekana minyoo upewe dawa. Ni kweli kwamba utafiti uliofanyika Gabon na kuchapishwa mwaka 2004 ulionesha kwamba watoto waliotibiwa minyoo kwa muda mrefu waliitikia zaidi kipimo cha ngozi cha utitiri, kwa kuwa minyoo huituliza kinga. Lakini hiyo si sababu ya kuilea, kwani inachukua lishe, na safura huchukua damu pia.

La pili ni vumbi la mkonge. Anayepiga brashi nyuzi za mkonge hukereka njia ya hewa kwa vumbi lenyewe, si lazima awe na mzio. Akipata nafuu siku za mapumziko na kuzidiwa akirudi kazini, dawa yake ya kwanza ni barakoa na chumba kinachopitisha hewa, si mtindi.

La tatu ni samaki, na hapa niwe mkweli kwamba ndipo nilipowahi kukosea mimi mwenyewe nilipoanza kazi, nikamwandikia mtu mzio usiokuwapo. Jodari na vibua waliokaa juani bila barafu hujaa histamini inayotengenezwa na bakteria katika nyama yao. Mlaji huwaka uso, huumwa kichwa, huwashwa na kuharisha, pengine ndani ya nusu saa tu. Kijana mmoja wa Sahare aliniuliza, "Daktari, yule samaki nimemkaanga mpaka akakauka, sumu itatoka wapi?" Nikamjibu, "Mdogo wangu, histamini haiondoki kwa moto. Ilishaingia kabla hujawasha jiko." Kama unawashwa ukila jodari mmoja na huwashwi ukila mwingine, chunguza barafu ya muuzaji kabla hujautuhumu mwili wako.

Hatua ya 2: Fungua daftari kwa wiki mbili

Andika kila jioni hali ya hewa, idadi ya chafya za asubuhi, ulichokula, hali ya choo na kazi uliyoifanya. Mama mmoja aliniletea ukurasa huu, nami naunakili kwa ruhusa yake: "Jumanne. Mvua usiku. Chafya kumi na tatu kabla ya chai. Chai, mahamri na mbaazi. Choo hakuna, siku ya pili. Mchana wali na kamba, midomo ikawasha kidogo. Nimekung'uta godoro, chafya zikarudi."

Mistari hiyo michache ilitupa mambo mawili. Godoro lake lilikuwa la sufi na la miaka mingi, makao mazuri ya utitiri, ambao husitawi penye unyevu. Na kamba, pamoja na jamaa zake wenye magamba, hubeba protini iitwayo tropomiosini, ambayo inafanana sana na ile ya utitiri na ya mende, hivyo mwili uliokwisha kuukasirikia utitiri unaweza kumkasirikia kamba vilevile. Ukiona dalili ya namna hiyo, acha kumla hadi upimwe, wala usimjaribu tena nyumbani ili kujiridhisha.

Wengi huandika daftarini kwamba adui ni maua ya mwembe. Mara nyingi sivyo, kwa kuwa chavua ya mwembe husafirishwa zaidi na wadudu. Chavua ya nyasi ndiyo inayopeperushwa na upepo, na nyasi hukomaa baada ya mvua.

Hatua ya 3: Walishe bakteria wako, taratibu

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Mkazi wa Tanga hahitaji duka la vyakula vya kigeni ili kufikia hapo. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina takriban gramu 11, na kilichobaki kitatoka kwenye kunde, choroko, kisamvu, matembele, mihogo na unga wa dona badala ya sembe. Machungwa ya Muheza uyale pamoja na ngozi yake nyeupe ya ndani, kwani ukiyakamua na kuyachuja nyuzinyuzi nyingi zinabaki kwenye chujio.

Wiki ya kwanza ongeza nusu kikombe tu cha jamii ya kunde kwa siku, wiki ya pili kikombe kizima, kisha ndipo ubadilishe unga. Anayeongeza vyote siku moja hujaa gesi na kuacha kila kitu kabla ya Ijumaa. Kunywa maji zaidi, la sivyo choo kitazidi kuwa kigumu.

Kiporo nacho kina nafasi yake. Wali au viazi vilivyopikwa vikapoa hupata wanga sugu, ambao hufika utumbo mpana bila kumeng'enywa na kuwa chakula cha bakteria. Hata hivyo, wali uingie kwenye jokofu mapema baada ya kupoa. Ule unaolala jikoni usiku kucha katika joto letu huotesha vijidudu vinavyotoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Hatua ya 4: Tengeneza mtindi hai

Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yatokote, kisha uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kiasi kwamba tone moja likidondoka kwenye kifundo cha mkono halikuunguzi. Koroga humo vijiko viwili vya mtindi ambao haukuchemshwa baada ya kuganda, funika kwa kitambaa safi, na uache kwa saa 8 hadi 12. Ukiona michirizi ya waridi au harufu ya kuoza, mwaga. Kunywa kikombe kimoja kwa siku, bila sukari. Asiyeelewana na maziwa atumie togwa iliyochacha vizuri.

Najua wapo wanaosifu maziwa mabichi, na ni kweli kwamba watoto wa mashambani Ulaya wanaoyanywa wameonekana kupata pumu na mzio kwa uchache kuliko wenzao. Lakini maziwa mabichi huweza kuleta homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, kwa hiyo chemsha.

Hatua ya 5: Usiwaue bakteria wako bila sababu

Mafua ya mzio hayatibiki kwa amoksilini, ambayo ni dawa ya kuua bakteria. Kila dozi isiyohitajika hufyeka bakteria wale wale unaowalisha.

Hatua ya 6: Endelea na dawa na usafi wa chumba

Chakula hakichukui nafasi ya vidonge vya mzio, dawa ya kupuliza puani wala pampu ya pumu. Funika godoro kwa kifuniko kisichopitisha vumbi, fua mashuka kila wiki kwa maji ya moto, fungua madirisha jua linapowaka na uondoe koga ukutani. Midomo au ulimi ukivimba, ukihema kwa shida au ukizirai baada ya kula, usisubiri asubuhi. Nenda Hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu nawe wakati huo huo.

Hatua ya 7: Linganisha msimu kwa msimu

Baada ya wiki 12 andika tena daftari kwa wiki mbili. Tumbo ndilo litakalobadilika kwanza, na mara nyingi choo hulainika ndani ya wiki chache. Kuhusu pua, usilinganishe Juni na Januari, kwa sababu kaskazi ikivuma na nyumba ikikauka chafya zingepungua hata kama usingegusa mbaazi. Linganisha Juni na Juni. Lihifadhi daftari la mwaka huu penye ukavu, na mwakani uje kliniki na madaftari yote mawili.